Kuhuisha Matamko ya Safu katika Msimbo wa C: Kutoka Safu Bandia hadi Safu Nyumbufu katika Kiini cha Linux

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mabadiliko ya namna safu zinavyotamkwa katika msimbo wa lugha ya C unaojenga programu za mfumo, na yamechukua kiini cha Linux kuwa uwanja wa uchunguzi. Hoja kuu ni kwamba tamko la safu ni taarifa ambayo kompaila huitegemea ili kujua kumbukumbu ya kitu fulani inaanzia wapi na inaishia wapi. Tamko likiwa na maana mbili, ulinzi wote uliojengwa juu yake hulegea, hata kwa safu ambazo urefu wake unajulikana. Makala yanaeleza chanzo cha utata huo katika historia ya lugha, yanalinganisha njia tatu za kutamka safu isiyo na urefu maalumu, kisha yanafuatilia hatua zilizochukuliwa katika kiini cha Linux: kuondoa safu bandia, kuibana kompaila isikubali tafsiri legevu, na kuifunga safu na hesabu ya vipengele vyake. Mwishoni, makala yanajadili mipaka ya njia hiyo.

Maneno makuu: lugha ya C, safu nyumbufu, kompaila, kiini cha Linux, usalama wa kumbukumbu

1.0 Utangulizi

Programu za mfumo ni zile zinazosimamia mashine yenyewe: viini vya mifumo endeshi, viendeshi vya vifaa, maktaba za msingi na programu za mtandao. Sehemu kubwa ya programu hizo imeandikwa kwa lugha ya C. Kiini cha Linux, kilichotolewa kwa mara ya kwanza na Linus Torvalds mwaka 1991, sasa kina zaidi ya mistari milioni 20 ya msimbo, na kinaendesha seva, vifaa vya mtandao na simu za Android, zikiwamo zile ambazo wakazi wengi wa Afrika Mashariki huzitumia kwa mawasiliano na kwa huduma za fedha. Kasoro ndogo katika kiini hicho, kwa hiyo, haiishii katika maabara ya aliyeiandika.

Kasoro zinazohusu kumbukumbu ndizo zilizoisumbua lugha ya C kwa muda mrefu zaidi. Mnamo Novemba 1988, programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris ilienea katika mtandao wa wakati huo. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuifurisha hifadhi ya baiti 512 katika huduma iliyosoma maandishi bila kuuliza urefu wake. Mwaka 2019 mhandisi wa Microsoft, Matt Miller, alionesha kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu uliorekebishwa kila mwaka katika bidhaa za kampuni hiyo ulitokana na usalama wa kumbukumbu. Miongo mitatu imepita kati ya matukio hayo mawili, na tatizo ni lilelile: programu huandika au kusoma nje ya mpaka wa eneo ililopewa.

Swali linaloongoza makala haya ni jembamba kuliko tatizo hilo zima. Je, namna mwandishi wa msimbo anavyotamka safu ina nafasi gani katika kumwezesha au kumzuia kompaila kutambua kwamba mpaka umevukwa? Swali hili linastahili kuchunguzwa kwa sababu jibu lake halidai lugha mpya wala mashine mpya. Linadai kusoma upya matamko yaliyokwisha kuandikwa.

Kwa upande wa istilahi, neno "safu" limetumika kwa maana ya mfuatano wa vipengele vya aina moja vilivyopangwa bega kwa bega katika kumbukumbu. "Muundo" ni mkusanyiko wa data za aina mbalimbali chini ya jina moja. "Uga" ni sehemu mojawapo ya muundo. "Kielekezi" ni thamani inayohifadhi anwani ya kumbukumbu. Na "safu nyumbufu" ni safu iliyo mwishoni mwa muundo ambayo urefu wake haujulikani wakati wa kufasiri msimbo bali hupatikana wakati wa kuitekeleza programu.

2.0 Usuli: Safu na Kielekezi katika Lugha ya C

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilitanguliwa na lugha ya B, ambamo safu ilikuwa kielekezi kilichohifadhiwa katika kumbukumbu, kikionesha mahali vipengele vilipo. Mpango huo ulifaa mpaka pale Ritchie alipotaka kuunda miundo inayolingana na umbo halisi la data katika diski. Kiingilio cha saraka katika mfumo wa Unix wa zama hizo kilikuwa na namba ya faili pamoja na jina la herufi zisizozidi 14. Kama safu ya herufi ingekuwa kielekezi kilichofichwa ndani ya muundo, kiingilio hicho kisingefanana na kile kilichoandikwa katika diski.

Suluhisho lake lilikuwa kuviweka vipengele vyenyewe ndani ya muundo, bila kuhifadhi kielekezi chochote, na kuliacha jina la safu ligeuke kuwa kielekezi kila linapotumika katika usemi. Uamuzi huo uliifanya C iwe karibu sana na mashine. Gharama yake ilikuwa kwamba, safu inapogeuka kuwa kielekezi, urefu wake haufuatani nacho. Funksheni inayopokea safu hupokea anwani tupu. Haijui iwapo nyuma ya anwani hiyo kuna vipengele 5 au 5,000, isipokuwa iambiwe kwa njia nyingine.

Ndani ya muundo hali ni afadhali kidogo, kwa kuwa tamko la uga hubeba urefu. Kompaila ikikuta uga uliotamkwa kuwa na herufi 14, inajua kuwa nafasi zake ni 14. Hapa ndipo panapozuka suala la makala haya, kwa maana programu za mfumo mara nyingi huhitaji muundo ambao sehemu yake ya mwisho haina urefu mmoja. Pakiti ya mtandao ina kichwa chenye ukubwa maalumu na mwili unaobadilika. Ujumbe kutoka kwenye kifaa una idadi ya taarifa, kisha taarifa zenyewe. Viwango vya kwanza vya lugha, yaani ule wa Marekani wa mwaka 1989 na ule wa kimataifa wa mwaka 1990, havikuwa na njia rasmi ya kutamka kitu cha namna hiyo. Waandishi wa msimbo wakajitafutia njia zao.

3.0 Njia Tatu za Kutamka Safu Isiyo na Urefu Maalumu

3.1 Safu ya Kipengele Kimoja

Njia ya kwanza ilikuwa kutamka safu yenye kipengele kimoja mwishoni mwa muundo, kisha kutenga kumbukumbu zaidi ya ukubwa wa muundo na kuitumia safu hiyo kana kwamba ina vipengele vingi.

Mfano wa 1

    struct ujumbe {
        unsigned int idadi;
        long namba[1];
    };

Katika mashine ya kawaida ya biti 64 inayoendesha Linux, uga wa idadi huchukua baiti 4, hufuatwa na baiti 4 za ujazio ili namba ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kisha kipengele kimoja cha baiti 8. Ukubwa wa muundo mzima ni baiti 16. Anayetaka vipengele n hulazimika kukumbuka kwamba kimoja kimekwisha kuhesabiwa, hivyo hutenga ukubwa wa muundo kujumlisha n kutoa 1 mara 8.

Kutoa 1 huko ndiko chimbuko la makosa mengi. Mwandishi akikusahau, anatenga baiti 8 zaidi ya zinazohitajika. Akikufanya mara mbili, anatenga pungufu, na kipengele cha mwisho huangukia katika kumbukumbu ya kitu kingine. Hali ni mbaya zaidi idadi inapokuwa sifuri. Kwa kuwa idadi ni namba isiyo na alama ya hasi yenye biti 32, sifuri kutoa 1 hakutoi hasi 1 bali 4,294,967,295. Zidisho la namba hiyo kwa 8 ni baiti 34,359,738,360, takribani gigabaiti 32 kwa hesabu ya nguvu za 2. Ombi la kumbukumbu ambalo lingepaswa kuwa dogo kuliko yote hugeuka kuwa ombi lisilotekelezeka.

3.2 Safu ya Urefu Sifuri

Njia ya pili ilitokana na nyongeza ya kompaila ya GNU iliyoruhusu safu kutamkwa kwa urefu wa sifuri, yaani namba[0]. Ukubwa wa muundo katika mfano uliotangulia hushuka hadi baiti 8, na hesabu ya kutenga kumbukumbu hurahisika: ukubwa wa muundo kujumlisha n mara 8. Kutoa 1 hakuhitajiki tena.

Hata hivyo, nyongeza hii si sehemu ya kiwango cha kimataifa, na ina hatari mbili ambazo hazionekani kwa macho. Hatari ya kwanza inahusu kiendeshaji cha sizeof, kinachotoa ukubwa wa kitu kwa baiti. Kikitumiwa juu ya safu ya urefu sifuri, hutoa jibu la sifuri bila onyo lolote. Mwandishi anayekusudia kuzisafisha data za zamani kwa kuijaza safu sifuri, akitumia sizeof kupata urefu, hatasafisha hata baiti moja. Programu itafasiriwa vizuri, itatekelezwa vizuri, na data za awali zitabaki palepale.

Hatari ya pili inahusu mahali safu ilipo. Safu ya namna hii ina maana pale tu inapokuwa uga wa mwisho. Kompaila haikulalamika ilipotamkwa katikati ya muundo, au pale uga mwingine ulipoongezwa baada yake miaka kadhaa baadaye na mtu ambaye hakujua kusudio la mwandishi wa kwanza. Tangu hapo, kuandika kipengele cha kwanza cha safu ni kuandika juu ya uga unaofuata.

3.3 Safu Nyumbufu

Njia ya tatu ililetwa na kiwango cha mwaka 1999, kijulikanacho kama C99. Urefu hauandikwi kabisa: mabano huachwa wazi.

Mfano wa 2

    struct ujumbe {
        unsigned int idadi;
        long namba[];
    };

Ukubwa wa muundo ni baiti 8, sawa na wa njia ya pili. Tofauti iko katika yale ambayo kompaila inayakataa. Safu nyumbufu huhesabiwa kuwa aina isiyokamilika. Kwa hiyo kuiuliza sizeof ukubwa wake ni kosa linalokatisha ufasiri wa msimbo. Kuitamka mahali pasipokuwa mwisho wa muundo ni kosa pia. Makosa mawili yaliyokuwa yakipita kimya chini ya njia ya pili hukamatwa kabla programu haijatekelezwa hata mara moja.

Inafaa kusisitiza kwamba njia hizi tatu hutofautiana kwa herufi moja tu katika maandishi, na kwamba mashine hutekeleza usomaji wa kipengele kwa amri zilezile. Faida ya njia ya tatu haitokani na kasi wala uchache wa kumbukumbu. Inatokana na uwazi wa kauli: mwandishi amesema, kwa namna isiyoweza kufasiriwa vingine, kwamba urefu wa safu hii haujulikani hapa.

4.0 Athari ya Utata kwa Ulinzi wa Kompaila

Huenda msomaji akauliza kwa nini msimbo uliofanya kazi kwa miaka 20 uguswe. Jibu la msingi liko katika athari ya safu bandia kwa safu nyingine zote.

Kwa kuwa waandishi walizoea kutamka safu ya kipengele kimoja na kuitumia kama safu ndefu, kompaila zililazimika kuwa na tahadhari. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakatamka safu ya vipengele 4 au 16 mwishoni mwa muundo na kuivusha mpaka wake kwa makusudi. Ili isiuvunje msimbo wa namna hiyo, kompaila ya GNU ilichukua msimamo kwamba safu yoyote iliyo mwishoni mwa muundo, bila kujali urefu ulioandikwa, inaweza kuwa ndefu kuliko inavyodai. Yaani neno la mwandishi halikuaminiwa tena.

Matokeo yake yanaonekana katika mbinu za ulinzi zinazotegemea kujua ukubwa wa kitu. Mwaka 2017, kiini cha Linux toleo la 4.13 kilipokea ulinzi uitwao FORTIFY_SOURCE, unaoziimarisha funksheni za kunakili kumbukumbu na maandishi, kama vile memcpy na strcpy, kwa kulinganisha ukubwa wa nakala na ukubwa wa mahali inapopelekwa. Ukubwa huo hutolewa na kompaila. Iwapo mahali penyewe ni safu iliyo mwishoni mwa muundo, kompaila iliyoulizwa ukubwa wa safu hiyo ilijibu kuwa haujulikani, na ukaguzi wa mpaka wa safu ukakosa cha kulinganisha nacho. Hivyo, jina la kifaa lililotengewa nafasi ya herufi 16 halisi, na ambalo kwa bahati lilikuwa uga wa mwisho, lilikosa ulinzi kwa sababu ya mazoea ya waandishi wengine katika faili nyingine.

Hapa ndipo uzito wa suala unapodhihirika. Safu bandia haidhuru muundo wake peke yake. Inailazimisha kompaila kuishuku kila safu inayofanana nayo kwa mahali.

5.0 Utekelezaji wa Uhuishaji katika Kiini cha Linux

5.1 Kubadilisha Matamko

Juhudi za kukiimarisha kiini dhidi ya aina nzima za kasoro, badala ya kurekebisha kasoro moja moja, zilikusanywa chini ya Mradi wa Kujilinda kwa Kiini, ulioanzishwa na Kees Cook mwaka 2015. Kazi ya kubadilisha safu bandia kuwa safu nyumbufu imefanywa kwa kiasi kikubwa na Gustavo A. R. Silva pamoja na watunzaji wa sehemu mbalimbali za kiini. Mwongozo wa kiini sasa unaziorodhesha safu za urefu sifuri na za kipengele kimoja miongoni mwa vitu visivyopaswa kuandikwa katika msimbo mpya.

Zana ya Coccinelle, iliyotokana na utafiti wa Julia Lawall na wenzake, ilisaidia kutafuta ruwaza za msimbo na kupendekeza mabadiliko. Hata hivyo, mabadiliko hayakuweza kuachiwa zana peke yake. Safu ya urefu sifuri hubadilishwa kwa usalama mara nyingi, maana ukubwa wa muundo haubadiliki. Safu ya kipengele kimoja ni jambo jingine: muundo wa Mfano wa 1 hushuka kutoka baiti 16 hadi 8, hivyo kila mahali panapotumia ukubwa huo hupaswa kukaguliwa, na kila kutoa 1 kuondolewa.

Ugumu huongezeka kwa sababu ukubwa haushuki daima. Muundo wenye uga wa baiti 8, ukifuatiwa na uga wa baiti 4, kisha safu ya herufi 1, huwa na baiti 16 katika mashine ya biti 64, kwa kuwa baiti 3 za ujazio huongezwa mwishoni. Safu hiyo ikigeuzwa kuwa nyumbufu, ukubwa hubaki baiti 16, ingawa safu yenyewe huanzia baiti ya 12. Anayedhani kwamba kila ubadilishaji hupunguza kipengele kimoja atakosea hapa, na anayedhani kwamba ukubwa wa muundo ni sawa na mahali safu inapoanzia atakosea pia. Kazi inayoonekana kuwa ya kufuta herufi moja hudai hesabu kwa kila muundo.

Sambamba na matamko, hesabu ya kutenga kumbukumbu nayo ilihuishwa. Toleo la 4.18 la mwaka 2018 lilileta makro iitwayo struct_size, inayopokea muundo, safu na idadi ya vipengele, kisha kurudisha jumla ya baiti. Faida yake haiko katika ufupi tu. Katika mashine ya biti 32, vipengele 536,870,912 vya baiti 8 kila kimoja hudai baiti 4,294,967,296, namba isiyotosha katika biti 32, na zidisho la kawaida hurudi sifuri. Programu ingetengewa kumbukumbu ndogo huku ikiamini kuwa imepewa kubwa. Makro hiyo hugundua kufurika kwa hesabu na kurudisha thamani kubwa kuliko zote, ili ombi likataliwe badala ya kukubaliwa kwa makosa.

5.2 Miundo Inayoshirikiwa na Programu za Watumiaji

Kanuni isiyovunjwa katika Linux ni kwamba kiini kipya hakipaswi kuziharibu programu za watumiaji zilizokwisha kujengwa. Miundo inayovuka mpaka kati ya kiini na programu hizo, kwa hiyo, haiwezi kubadilishwa ukubwa kiholela.

Mfano mzuri ni muundo wa ip_msfilter, unaotumika kuorodhesha anwani za vyanzo vinavyokubaliwa au kukataliwa katika utangazaji wa kundi mtandaoni. Una nyuga nne za baiti 4, kisha safu ya anwani iliyotamkwa kuwa na kipengele kimoja. Jumla ni baiti 20, na programu zilizokwisha kujengwa zinaitegemea jumla hiyo. Suluhisho lilikuwa kuziweka safu mbili mahali pamoja kwa njia ya muungano: ile ya zamani ya kipengele kimoja ikabaki kwa ajili ya programu za watumiaji, na pembeni yake ikatamkwa safu nyumbufu yenye jina jingine kwa ajili ya kiini. Ukubwa ukabaki baiti 20, lakini msimbo wa kiini ukaanza kutumia jina lisilo na utata.

Kwa kuwa kiwango cha lugha hakikuruhusu safu nyumbufu kutamkwa moja kwa moja ndani ya muungano, makro iitwayo DECLARE_FLEX_ARRAY ilitungwa ili kuizunguka safu hiyo kwa muundo mdogo wenye uga mtupu. Njia hii si nadhifu. Inaonesha, hata hivyo, kwamba uhuishaji wa msimbo wa zamani hufuata mapatano kati ya usahihi wa sasa na ahadi za jana.

5.3 Kuibana Kompaila

Baada ya safu bandia kuondolewa, ilibaki kuiambia kompaila kwamba inaweza kuyaamini matamko tena. Chaguo la -fstrict-flex-arrays, linalopatikana katika GCC 13 na Clang 16 za mwaka 2023, lina ngazi nne. Ngazi ya 0 huendeleza mazoea ya zamani: safu yoyote ya mwisho huchukuliwa kuwa nyumbufu. Ngazi ya 1 huziruhusu zile za mabano matupu, za urefu sifuri na za kipengele kimoja tu. Ngazi ya 2 huwaondoa walio na kipengele kimoja. Ngazi ya 3 huikubali safu ya mabano matupu peke yake.

Kiini cha Linux kilianza kutumia ngazi ya 3 kwa msimbo wote katika toleo la 6.5 la mwaka 2023. Tangu hapo, safu ya mwisho iliyotamkwa kuwa na nafasi 16 huhesabiwa kuwa na nafasi 16, na jaribio la kuandika nafasi ya 17 linaweza kutambuliwa. Ngazi hiyo isingewezekana mapema: kuiwasha kabla ya kubadilisha matamko kungeifanya kompaila izione safu nyingi bandia, zilizokuwa zikitumika kihalali kwa mazoea ya zamani, kuwa zimevuka mipaka. Mpangilio wa hatua ulikuwa sehemu ya suluhisho.

6.0 Kuifunga Safu na Hesabu Yake

Hatua zilizoelezwa zinazilinda safu zenye urefu maalumu. Kwa safu nyumbufu zenyewe bado paliachwa pengo, kwa maana kompaila inajua tu kwamba urefu haujulikani. Mara nyingi urefu huo upo: umehifadhiwa katika uga mwingine wa muundo huohuo. Mwandishi anaujua uhusiano huo, kompaila haujui.

Sifa iitwayo counted_by iliundwa ili kuutamka uhusiano huo. Kiini cha Linux kiliipokea kama makro ya __counted_by, na kompaila zikaanza kuielewa kuanzia Clang 18 ya mwaka 2024 na GCC 15 ya mwaka 2025.

Mfano wa 3

    struct ujumbe {
        unsigned int idadi;
        long namba[] __counted_by(idadi);
    };

Kwa tamko hili, ukaguzi wa mipaka unaoongezwa na kompaila husoma thamani ya idadi wakati wa utekelezaji na kuilinganisha na fahirisi inayoombwa. Ulinzi wa FORTIFY_SOURCE nao hupata ukubwa wa kulinganisha nao. Taarifa iliyokuwa katika kichwa cha mwandishi, au katika maelezo ya pembeni yasiyosomwa na mashine, imeingia katika msimbo.

Umuhimu wa kuambatanisha data na kipimo chake unaonekana katika kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa mwaka 2014 katika maktaba ya OpenSSL. Mtumaji wa ujumbe alitaja urefu, na mpokeaji akaunakili urefu uliotajwa bila kuulinganisha na data zilizofika kweli. Kila ombi liliweza kuvujisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu. Kasoro hiyo haikutokana na safu nyumbufu, na sifa iliyoelezwa hapa isingeizuia peke yake. Inachofundisha ni kwamba hesabu iliyotenganishwa na kinachohesabiwa ni ahadi isiyo na shahidi.

Matumizi ya sifa hiyo yana masharti. Kwanza, uga wa hesabu unapaswa kuwa ndani ya muundo ulio na safu. Pili, unapaswa kuhesabu vipengele, si baiti. Tatu, unapaswa kupewa thamani kabla safu haijaguswa. Sharti la tatu lina athari kubwa kuliko linavyoonekana. Msimbo mwingi hujaza vipengele kwanza na kuandika idadi mwishoni, au huongeza idadi baada ya kila kipengele. Chini ya sifa mpya, kipengele cha kwanza kitaonekana kuwa nje ya mpaka, kwa kuwa idadi bado ni sifuri, na msimbo uliokuwa sahihi utasimamishwa. Anayeongeza sifa hiyo analazimika kuusoma mtiririko mzima wa kujaza muundo, na mara nyingine kuupanga upya.

7.0 Mjadala

Mambo matatu yanajitokeza katika uchambuzi huu. La kwanza ni kwamba usalama uliopatikana ni wa sehemu. Kuhuisha matamko ya safu hakuzuii kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, wala hakusaidii pale safu inapopelekwa kwa funksheni nyingine kama kielekezi kitupu. Ukaguzi wa wakati wa utekelezaji nao hutegemea mipangilio ya anayejenga kiini. Usipowashwa, tamko sahihi hubaki kuwa maelezo mazuri tu.

La pili linahusu hoja kwamba nguvu hizi zingeelekezwa katika kuandika upya msimbo kwa lugha zenye usalama wa kumbukumbu. Msaada wa lugha ya Rust uliingia katika kiini cha Linux toleo la 6.1 la Desemba 2022, na hoja hiyo ina uzito kwa msimbo mpya. Lakini mamilioni ya mistari ya C yaliyopo yataendelea kutumika kwa miaka mingi, na mashambulizi hayasubiri msimbo mpya ukomae. Aidha, kuutamka waziwazi uhusiano kati ya data na mipaka yake ni kazi ambayo mwandishi wa Rust atalazimika kuifanya pia anapounganisha msimbo wake na miundo ya C. Njia mbili hizi hazipingani.

La tatu linahusu gharama. Kila ubadilishaji huweza kuleta kasoro mpya, hasa pale hesabu ya ukubwa inapoguswa. Watunzaji wanaosita kupokea viraka vinavyogusa viendeshi vya vifaa visivyo na mtu wa kuvijaribu wana sababu ya kusita. Kinachoipa kazi hii uhalali ni kwamba faida yake haihesabiki kwa muundo mmoja mmoja. Faida hupatikana mara msimbo wote unapokuwa safi kiasi cha kuwezesha kompaila kubanwa, na kuanzia hapo kosa jipya la aina ileile hukamatwa bila kumtegemea msomaji makini. Mfano wa kulinganisha ni kuondolewa kwa safu zenye urefu wa kubadilika katika mrundiko wa utekelezaji, kazi iliyokamilika katika toleo la 4.20 mwaka 2018: viraka vingi vidogo vilitangulia, kisha onyo moja la kompaila likaufunga mlango.

Bado kuna milango ambayo haijafungwa. GCC 14 ya mwaka 2024 ilileta onyo kwa miundo yenye safu nyumbufu iliyowekwa katikati ya miundo mingine, ambamo kipengele cha safu kinaweza kuangukia juu ya uga unaofuata. Ni kosa lilelile la safu ya urefu sifuri, limejificha ngazi moja ndani zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba utata katika tamko la safu una historia inayoeleweka: lugha ilichagua ukaribu na mashine, viwango vya kwanza viliacha pengo, waandishi wakaliziba kwa safu bandia, na kompaila zikalazimika kutoyaamini matamko yote. Uhuishaji uliofanywa katika kiini cha Linux umeifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua: msimbo ulisafishwa, kompaila ikaruhusiwa kuamini, kisha taarifa mpya zikaongezwa kwa safu ambazo urefu wake hujulikana wakati wa utekelezaji.

Kwa wanaofundisha na kutafiti uhandisi wa programu, mafunzo mawili yanafaa kuzingatiwa. Mosi, safu ya kipengele kimoja na ile ya urefu sifuri hazipaswi kufundishwa kama mbinu za werevu, bali kama mabaki ya wakati ambapo lugha haikuwa na njia rasmi. Pili, utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna ya kuutambua kimashine uhusiano kati ya safu na uga wa hesabu yake katika msimbo wa zamani, kwani hapo ndipo kazi ya mkono ingali kubwa na ndipo makosa ya ubadilishaji yanapoweza kuzaliwa. Tamko ni ahadi ya mwandishi kwa mashine. Kadiri ahadi inavyokuwa wazi, ndivyo mashine inavyoweza kumsaidia kuitimiza.